Kasongo: mutoto amepitisha umri wa chanjo. Nani aliweka mupaka, na juu ya nini?

Kila kampeni ya chanjo inapopita Kasongo, kuna mama anayerudi nyumbani na mutoto asiyepewa kitu. Alikuja na watatu. Wawili wamechomwa sindano, kidole chao kimepakwa wino. Wa tatu, mwenye miaka saba, aliambiwa asimame pembeni: amepitisha umri. Mama anauliza swali ambalo linaulizwa pia Kabambare, Samba, Kunda, Lusangi na Saramabila: kama ugonjwa haumuulizi mutoto miaka yake, juu ya nini sindano inamuuliza?

Swali hilo linarudi kwa sura nyingine wakati wa mvua, watoto wanapokohoa nyumba kwa nyumba. Muzazi ana ndugu Ulaya ambaye amemwambia kwa simu kwamba huko watoto wanachanjwa juu ya mafua. Anabeba wake mpaka ku kituo cha afya na kuomba vile vile. Muuguzi anamujibu kwamba chanjo hiyo haiko.

Majibu hayo mawili, « amepitisha umri » na « haiko », yanafanana masikioni. Yote mawili yanamurudisha muzazi nyumbani mikono mitupu. Lakini si jibu moja, na muzazi anayejua tofauti anajua pia ni ku mulango gani wa kubisha hodi.

Mafua: hapa hakuna aliye ndani ya orodha

Kalenda ya chanjo ya watoto katika RDC inasimamiwa na programu ya serkali inayojulikana kwa jina la PEV. Mutoto anapozaliwa anapewa BCG juu ya kifua kikuu, na matone ya polio. Akifika wiki 6, 10 na 14 anapewa penta, ambayo ni chanjo tano ndani ya sindano moja: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na kijidudu Hib kinacholeta nimonia na ugonjwa wa uti wa mgongo. Pamoja na penta kuna polio, chanjo ya pneumo ambayo nayo inazuia nimonia, na ile ya rota juu ya kuhara. Akifika miezi 9 anachomwa surua na homa ya manjano. Siku za nyuma nafasi ya pili ya surua imeongezwa, na chanjo ya malaria imeanza kuingia: ilizinduliwa Kongo-Central mwezi wa 10 mwaka 2024.

Ndani ya orodha hiyo, chanjo ya mafua makali, ile watu wanaita gripe, haimo. Haikuwekwa kwa mutoto wa mwaka mmoja, wala wa miaka saba, wala kwa muzee. Kwa hiyo muuguzi anayesema « haiko » hamufichi mutu kitu.

Je, ni kwa sababu mafua si ugonjwa wa hatari? Hapana. RDC yenyewe imeona ubaya wake. Mwisho wa mwaka 2002, homa ilienea Bosobolo, kaskazini-magharibi mwa inchi, na kuua mamia ya watu. Vipimo vilionyesha kwamba ilikuwa mafua aina ya A. Mwisho wa mwaka 2024, watu wa Panzi, jimbo la Kwango, waliogopa ugonjwa usiojulikana. Kufikia katikati ya mwezi wa 12, shirika la afya duniani OMS lilikuwa limehesabu wagonjwa 891 na vifo 48. Maabara haikukuta ugonjwa mupya. Ilikuta mafua, virusi vingine vya kifua na malaria, ndani ya miili iliyochoka kwa kukosa chakula. Karibu nusu ya wagonjwa, na zaidi ya nusu ya waliokufa, walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Kwa hiyo sababu haiko ku udogo wa ugonjwa. Iko ku chanjo yenyewe. Virusi vya mafua vinabadilika kila mara, na chanjo inabadilishwa pia: OMS inakaa mara mbili kwa mwaka, mwezi wa 2 kwa ajili ya inchi za kaskazini mwa dunia na mwezi wa 9 kwa zile za kusini, ili kuchagua aina za kuweka ndani. Chupa ya mwaka huu haifai kuwekwa kwa ajili ya mwaka ujao. Mutoto wa miezi 6 hadi miaka 8 anayechanjwa kwa mara ya kwanza anahitaji sindano mbili, kwa kuachana wiki nne. Tena ku inchi za joto kama yetu mafua hayana majira moja yanayojulikana kama baridi ya Ulaya. Kila mwaka ingebidi kununua upya, kusafirisha upya ndani ya baridi, na kuita upya wazazi, wakati surua na penta, ambazo zinatosha kwa miaka mingi, bado hazijafikia watoto wote.

Hesabu hiyo si ya RDC peke yake. Kenya, ambayo ina barabara na frigo zaidi, wataalamu wake walishauri mwaka 2016 kuchanja mafua watoto wa miezi 6 hadi 23, na miaka ikapita bila chanjo hiyo kuingia ku kalenda ya kila siku. Hata Uingereza, ambako ndugu anapiga simu, kuna mupaka. Huko wanaochanjwa bure ni watoto wa miaka miwili na mitatu, wale wa masomo, na wale wenye magonjwa ya kudumu. Mutoto wa mwaka mmoja mwenye afya nzuri hayumo, na muzazi wake naye anajibiwa kwamba umri haujafika. Tofauti ni kwamba kule muzazi ana nafasi ya kwenda kutafuta kwa mulipo. Kasongo nafasi hiyo haiko.

Surua: sindano iko, mutoto ndiye ameachwa inje

Ku surua mambo ni tofauti. Sindano iko. Frigo iko. Muuguzi iko. Mutoto amesimama mbele yake. Na bado hapewi.

Ili kuelewa, ni lazima kutenganisha mipaka ya namna mbili ambayo inachanganywa kila siku.

Mupaka wa kwanza ni wa mwili. Kuna chanjo ambazo zikitolewa inje ya umri zinaweza kuleta shida au hazina faida. Homa ya manjano haichomwi kwa mutoto aliye chini ya miezi sita. Rota haitolewi kwa mutoto aliyepita miaka miwili. Mafua hayachanjwi chini ya miezi sita. Penta haitumiwi kwa mutoto wa miaka saba na zaidi: huyo, kama hakuchanjwa, ana chanjo yake nyingine ya pepopunda na dondakoo. Mupaka huu hauna mabishano. Muuguzi anayekataa hapo anamulinda mutoto.

Mupaka wa pili ni wa sanduku, yaani wa idadi ya chupa na wa feza. Chanjo ya surua haina ubaya kwa mutoto wa miaka saba. Haina ubaya kwa kijana wa miaka kumi na mitano. Inakatazwa kwa mama mwenye mimba na kwa mutu ambaye kinga ya mwili wake imeharibika sana. Kampeni inaposema miezi 6 hadi 59, haisemi kwamba mutoto wa miezi 60 ataumia. Inasema kwamba chupa zilihesabiwa kwa ajili ya wale.

Hesabu hiyo ina sababu yake. Surua inaua zaidi wadogo. Kama chupa hazitoshi kwa wote, kuanza na chini ya miaka mitano ni kuokoa roho nyingi zaidi. Na wanaopanga wanafikiri kwamba mutoto wa miaka saba ama alichanjwa alipokuwa mudogo, ama ugonjwa ulishamupata na kumuachia kinga.

Fikra hiyo ni ya kweli mahali ambapo vituo vinafanya kazi kila mwezi bila kukosa. Kusini mwa Maniema si hivyo kila mara. Kuna vijiji ambako mvua inakata njia. Kuna familia ambazo zilikimbia vita na kukaa porini miezi mingi. Kuna watoto waliozaliwa ku machimbo ya zahabu upande wa Salamabila, ambako wazazi wanahama kufuatana na zahabu. Mutoto aliyekosa sindano ya miezi 9 juu ya hayo, na kampeni ya baadaye ikampita pia, anafikisha miaka mitano bila kinga. Siku hiyo anatoka ku orodha, lakini hatoki ku hatari.

Hata yule aliyechanjwa hana uhakika wote. Sindano moja ya surua ikitolewa ku miezi 9 inalinda karibu watoto 85 kwa 100. Wale 15 wanaobaki wanahitaji ya pili. Na surua haingoji: mugonjwa mumoja kati ya watu wasio na kinga anaweza kuambukiza wengine 12 hadi 18. Ndiyo maana wataalamu wanasema ni lazima watoto 95 kwa 100 wapate sindano mbili ili ugonjwa ukose njia.

Mwaka 2019: wale waliokuwa inje wakahesabiwa

Mupaka huo ulijaribiwa mbele ya dunia nzima. Tarehe 10 mwezi wa 6 mwaka 2019, wizara ya afya ilitangaza epidemi ya surua katika RDC. Ilikuwa wakati Ebola ilikuwa inaua Kivu ya Kaskazini na Ituri, na macho yote pamoja na feza nyingi vilikuwa huko. Surua iliendelea pembeni mpaka ikawa epidemi kubwa kuliko zote za surua duniani wakati ule. Kwanza mwa mwaka 2020, OMS ilihesabu wagonjwa karibu 310,000 waliodhaniwa kuwa na surua tangu mwanzo wa 2019, na vifo zaidi ya 6,000.

Katika mwaka 2019 watoto zaidi ya milioni 18 wa chini ya miaka mitano walichanjwa. Ni kazi kubwa ambayo haiwezi kudharauliwa. Lakini OMS yenyewe ilieleza kwamba karibu mugonjwa mumoja kwa wanne alikuwa mutoto aliyepita miaka mitano. Ni yule yule wa miaka saba aliyeambiwa asimame pembeni.

Basi shirika hilo liliomba dola milioni 40 zaidi, ili kupanua chanjo kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 na kuongeza nguvu ku matunzo ya wagonjwa. Hapo ndipo mambo yalionekana wazi. Hakuna aliyesema kwamba sindano imebadilika na sasa inafaa wakubwa. Ilikuwa inawafaa tangu zamani. Kilichokosekana kilikuwa feza. Epidemi ilitangazwa kwisha tarehe 25 mwezi wa 8 mwaka 2020, baada ya kuua watoto zaidi ya 7,000.

Kasongo na swali hili ni watu wa zamani

Wakaaji wengi wa Kasongo, hasa vijana, hawajui kwamba jina la muji wao linajulikana na waganga wa dunia juu ya jambo hili hili. Katika miaka ya 1970, watafiti wa Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, walifanya kazi hapa pamoja na waganga na wauguzi wa Zaire. Kasongo ilikuwa kati ya mahali ambako mufumo wa zone ya afya ulijaribiwa, kabla ya serkali kuueneza inchi nzima katika miaka ya 1980. Leo RDC ina zone za afya 519, na 18 kati ya hizo ziko Maniema.

Mwaka 1981, gazeti la waganga la Uingereza The Lancet lilichapisha utafiti wa kikundi cha Kasongo. Walifuata watoto wa miezi 7 hadi 35, waliochanjwa surua na wasiochanjwa, ili kuona nani anabaki muzima. Waliochanjwa walikufa kidogo zaidi, lakini tofauti ilikuwa inapungua kadiri watoto wanavyokua. Waandishi wakauliza swali gumu: je, mutoto muzaifu anayeokolewa na sindano ya surua, haendi kufa baadaye kwa malaria, kuhara au njaa?

Swali hilo lilileta mabishano ya miaka mingi. Kuna waliolisoma vibaya, wakasema kwamba kuchanja surua ni kupoteza feza. Wataalamu wengine walilipinga kwa utafiti wa mahali pengine Afrika, hasa Guinea-Bissau, ulioonyesha kwamba watoto waliochanjwa surua wanapona vifo vingi kuliko vile vya surua peke yake. Leo hakuna anayebisha kwamba chanjo hiyo inaokoa.

Lakini funzo moja la Kasongo limebaki, na Panzi ililikumbusha mwaka 2024: sindano haifanyi kazi ya chakula, ya chandarua, ya maji safi na ya dawa pamoja. Mutoto wa miaka saba aliyeachwa inje ya chanjo na mutoto wa miaka miwili aliye ndani wanalala ku mukeka mumoja.

Chupa ya doze kumi

Kuna jambo lingine ambalo wazazi hawaambiwi, na ambalo linaleta ugomvi mwingi ku vituo. Chanjo ya surua inakuja kwa kawaida ndani ya chupa ya watu kumi. Ni unga. Muuguzi anauchanganya na maji yake, na kuanzia hapo ana saa sita. Baada ya saa sita, kilichobaki kinatupwa, hata kama ni doze tisa.

Kwa hiyo muzazi anayekuja peke yake siku ya kawaida, na mutoto wa miezi kumi ambaye ana haki yote, anaweza kuambiwa arudi siku ya chanjo. Muuguzi anaogopa kufungua chupa kwa mutu mumoja, juu ya kesho zone itamuuliza zile tisa zilienda wapi. Maagizo ya OMS yanasema afungue, hata kwa mutoto mumoja, kwa sababu mutoto aliyekosa ni hasara kubwa kuliko doze iliyomwagwa. Ku kituo ambacho kinapewa chupa chache kwa mwezi, kufuata maagizo hayo kunahitaji roho ngumu.

Na jioni ya siku ya chanjo, kinyume chake kinatokea. Chupa imefunguliwa, doze tatu zimebaki, saa zinakwisha, watoto wadogo wamekwisha kuchanjwa. Mbele ya kituo kuna mutoto wa miaka sita ambaye hakuwahi kuchomwa. Doze hizo zitatupwa ama zitamuokoa? Mwili wake unazikubali. Karatasi ya hesabu ndiyo haina mahali pa kumuandika.

Kudanganya miaka, na deni lake

Pale ambapo karatasi haina mahali, watu wanajitafutia. Wazazi wanapunguza miaka. Mutoto wa miaka saba anakuwa wa miaka mine na nusu mbele ya meza. Wakati mwingine muuguzi anaona meno yaliyotoka na kuelewa, lakini ananyamaza kwa huruma. Mutoto anapona. Hakuna wa kumuhukumu mama huyo.

Lakini deni linabaki, na linalipwa na mwingine. Mutoto huyo ameandikwa kama wa chini ya miaka mitano. Wakifanya hivyo wengi, kituo kinaonekana kimechanja watoto 100 kwa 100, au zaidi ya hapo, jambo ambalo si geni ku ripoti za chanjo. Huko juu watu wanaosoma tarakimu wanasema eneo hili limemaliza kazi. Kumbe kuna watoto wachanga nyuma ya mutoni ambao hawakufikiwa na mutu. Ugonjwa ukirudi, unawakuta wao. Na hoja yenyewe, kwamba wakubwa nao wanahitaji chanjo, inapotea, kwa sababu hakuna karatasi inayoonyesha kwamba walikuja.

Ndiyo maana njia ya kusaidia ni kumuandika mutoto kwa miaka yake ya kweli, hata kama hakupewa. Mutoto aliyekataliwa na kuandikwa ni ushahidi. Mutoto aliyepunguziwa miaka ni siri.

Mipaka imeshasogezwa mahali pengine

Anayesema mupaka wa miaka mitano hauwezi kuguswa, aangalie majirani. Inchi za pembeni zilipoingiza chanjo ya surua pamoja na rubela, zilichanja kuanzia miezi 9 mpaka chini ya miaka 15: Rwanda mwaka 2013, Tanzania mwaka 2014, Kenya mwaka 2016, Burundi mwaka 2017, Uganda mwaka 2019. Ku nyingi za inchi hizo watoto walichanjwa ndani ya masomo. Mutoto wa miaka saba aliyevuka Ziwa Tanganyika na familia yake wakati huo angeweza kupewa kile ambacho ndugu yake aliyebaki Kabambare alinyimwa.

Mpox nayo ilifundisha vile vile. RDC ilipoanza kuchanja, Goma, tarehe 5 mwezi wa 10 mwaka 2024, sindano iliyokuwepo ilikuwa imeidhinishwa kwa wakubwa. Wakati huo watoto wa chini ya miaka 15 ndio walikuwa sehemu kubwa ya wagonjwa na ya waliokufa. Baadaye mwezi huo OMS iliruhusu sindano hiyo itumiwe kwa vijana wa miaka 12 hadi 17, na mwezi wa 11 ikakubali chanjo nyingine ya Japani, LC16, ambayo inaweza kupewa mutoto kuanzia mwaka mumoja. Mupaka ulisogea kwa sababu tarakimu za watoto wagonjwa zilikuwa mezani na zilisema wazi.

Muzazi afanye nini leo

Ya kwanza ni kujua kwamba kuna watoto wengi wanaofikiri wamepitisha wakati, na kumbe hawajapitisha. Mwaka 2023, OMS, UNICEF na Gavi walianza kusaidia inchi nyingi, RDC ikiwa ndani, kutafuta watoto wa mwaka mumoja hadi wa chini ya miaka mitano waliokosa chanjo za kawaida. Mutoto wa miaka mitatu ambaye hakupata penta au surua asibaki nyumbani eti « wakati umepita ». Na aliyeanza akaachia njiani haanzi upya: anaendelea pale alipofika.

Ya pili ni karti. Karti ya chanjo ikipotea, muzazi aombe nyingine na aombe waangalie ku rejista ya kituo. Bila karti, mutoto wa miaka mine na miezi kumi anaonekana wa miaka mitano, na mabishano yanaanza ku meza. Mutoto aliyechomwa surua kabla ya miezi 9, wakati wa epidemi, ni lazima arudie akifika miezi 9, na karti ndiyo itakayosema.

Ya tatu ni kikohozi chenyewe, juu ya mutoto ambaye hana chanjo ya mafua. Chanjo ya pneumo na penta haizuii mafua, lakini inazuia sehemu ya nimonia inayokuja nyuma yake na ambayo ndiyo inaua. Mutoto mwenye homa apimwe malaria siku hiyo hiyo. Na muzazi aangalie kifua kikipanda na kushuka: mutoto wa miezi 2 hadi 11 anayepumua mara 50 au zaidi ndani ya dakika moja, na wa mwaka mumoja hadi mitano anayepumua mara 40 au zaidi, hiyo ni alama ya nimonia. Yule ambaye kifua kinaingia ndani akivuta pumzi, ambaye hawezi kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu au anayepotewa na akili, asingoje asubuhi, wa umri wowote.

Ya ine ni onyo. Mutu akipita na chupa ndani ya mufuko na kusema ni chanjo ya mafua kutoka muji munene, aulizwe ilisafiri namna gani. Chanjo inakaa kati ya digri 2 na 8. Siku moja ya jua juu ya pikipiki inatosha kuiharibu, na ya mafua ikiganda baridi imekufa vile vile. Mutoto atachomwa, muzazi atalipa, na kinga haitakuwepo. Tena kwa mutoto mudogo sindano moja ya kwanza haitoshi.

Ya tano inahusu mupaka wenyewe. Mupaka wa mwili haujadiliwi ku kituo. Lakini mupaka wa sanduku unajadiliwa, na unajadiliwa na wanaohesabu. Kila eneo la afya lina komite yake, CODESA, na wahamasishaji wake, wale reko wanaozunguka nyumba kwa nyumba. Wao wanaweza kufanya orodha ya watoto wa miaka mitano hadi kumi na mine ambao hawakuwahi kuchomwa surua, kijiji kwa kijiji, na kumupa muuguzi mukuu wa kituo, ule watu wanamuita IT, naye aipeleke ku ofisi ya zone. Masomo yana majina na miaka ya watoto tayari. Misikiti na makanisa yanajua familia zilizofika majuzi. Orodha ya majina mia mbili kutoka Kunda au Lusangi haileti sindano kesho yake. Lakini siku Kindu na Kinshasa wanapopanga kampeni na kuuliza ni chupa ngapi na za umri gani, eneo lenye orodha lina kitu cha kuweka mezani.

Kuna jambo ambalo muuguzi naye anaweza kufanya bila kungoja mutu. Akimwambia mama « amepitisha umri », aongeze neno moja: ni umri wa mwili ama ni umri wa sanduku. Mama akisikia kwamba sindano ingemudhuru mutoto, ataenda na amani. Akisikia kwamba sindano ingemufaa lakini chupa hazikuhesabiwa kwa ajili yake, ataenda na hasira. Hasira hiyo ina haki yake, na ikipelekwa ku CODESA na majina na miaka ya kweli, inaweza kusogeza mupaka. Ikibaki mbele ya kituo, inaishia juu ya muuguzi, ambaye si yeye aliyeuweka.